Uzi: Rekodi ya jinai na kazi nyeti za serikali. Kinachoangaliwa, kinachosamehewa na kinachomwangusha mwombaji

Jalada_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kila zinapotangazwa nafasi za polisi, magereza, mahakama, forodha, ualimu au idara za usalama, swali linarudi lile lile: mwenye kesi ya zamani anapata au hapati? Wengine wanamjibu "sahau kabisa", wengine "nyamaza tu, hawataona". Majibu yote mawili yamewanyima watu kazi walizostahili, na la pili limewapeleka wengine mahakamani upya. Tuweke hapa mambo yanayoeleweka, kila mmoja aongezee anachokijua.

Naanza na msingi, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti. Mtu anaweza kukamatwa, akalala mahabusu, akatolewa bila kufikishwa mahakamani: hana hatia yoyote. Anaweza kushtakiwa, kisha upande wa mashtaka ukaiondoa kesi: hana hatia, ingawa mara nyingi mashtaka hayo yanaweza kufunguliwa tena. Anaweza kusikilizwa hadi mwisho akaachiwa huru: hana hatia, na hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote. Rekodi ya jinai kwa maana yake kamili inaanza pale hakimu au jaji anapotamka kwamba mshtakiwa ametiwa hatiani.

Sasa sikilizeni hili la faini. Wengi huamini kwamba aliyelipa faini "amemaliza kesi" na hana rekodi. Si kweli. Faini iliyotolewa na mahakama ni adhabu, na adhabu hutolewa kwa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Vivyo hivyo kifungo cha nje, huduma kwa jamii na kifungo kilichoahirishwa. Kutoingia gerezani hakumaanishi huna hatia. Tofauti iko kwenye faini ya papo kwa papo ya barabarani: ukiilipa bila kufika mahakamani, katika nchi nyingi haihesabiwi kuwa hatia ya jinai.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hujagusa fomu: nenda masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri. Uwe na namba ya kesi, mwaka, na jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Bila namba ya kesi karani atalazimika kupekua rejista za mwaka mzima. Hukumu ndiyo itakayokuambia kosa liliandikwaje, kwa kifungu gani cha sheria, na uliachiwa kwa njia gani. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Mtu anakumbuka "ugomvi", hukumu inasema "kujeruhi".

Mizani2

Shukrani mkuu. Naongezea upande wa vizuizi, maana watu huvichanganya. Viko vya aina tatu.

Kwanza, kizuizi cha moja kwa moja. Hapa sheria yenyewe imefunga mlango, na kamati ya ajira haina uwezo wa kukuhurumia. Mfano wa wazi ni Uingereza: kuna orodha za watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto au na watu wazima walio katika hali ya kuhitaji ulinzi. Aliye kwenye orodha akiomba au kufanya kazi hiyo anatenda kosa jipya la jinai. Mfano mwingine ni Marekani, marekebisho ya sheria ya silaha ya mwaka 1996: aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani, hata likiwa kosa dogo, hawezi kumiliki wala kubeba bunduki, na askari polisi na mwanajeshi hawakuachwa nje. Kwa hiyo hatia ndogo ya kumpiga mwenza inaweza kuzima ndoto ya upolisi, ilhali hatia nzito zaidi kwa maandishi isiyohusu nyumbani inajadiliwa kwa njia nyingine. Kizuizi hicho huondoka ikiwa hatia imefutwa au mtu amesamehewa rasmi kwa namna inayomrudishia haki zake.

Pili, kizuizi cha muda. Sheria inataja miaka kadhaa tangu adhabu iishe. Angalia vizuri hesabu inaanzia wapi: siku ya hukumu, siku ya kutoka gerezani, au siku ya mwisho ya adhabu yote pamoja na kipindi cha kuwa nje kwa masharti. Tarehe hizo zinaweza kupishana kwa miaka.

Tatu, hiari ya mwajiri. Hapa hakuna sheria inayokukataza. Kuna kamati inayopima, na hapo ndipo maelezo yako na vielelezo vyako vina kazi. Kesi nyingi za waombaji zinaangukia hapa, lakini wengi wanajiondoa wenyewe wakidhani wako kwenye aina ya kwanza.

Nuru ya Asubuhi

Naomba kuuliza. Kama muda umekwisha na kosa limehesabiwa kuwa limepita, si mtu anaruhusiwa kujibu "hapana" kwenye fomu?

Mizani2

Dada, inategemea kazi, na hapa watu wameumia sana. Chukua Uingereza kwa sababu tarakimu zake ziko wazi. Sheria ya mwaka 1974 kuhusu urekebishaji wa waliotenda makosa inasema hatia inaweza "kuisha muda", na baada ya hapo mtu hana wajibu wa kuitaja kwa kazi za kawaida. Kwa Uingereza yenyewe na Wales, tangu tarehe 28 Oktoba 2023 hesabu kwa mtu mzima ni hizi: faini, miezi 12 tangu kutiwa hatiani. Kifungo kisichozidi mwaka 1, miezi 12 baada ya adhabu yote kwisha. Zaidi ya mwaka 1 hadi miaka 4, miaka 4 baada ya kwisha. Zaidi ya miaka 4, miaka 7, isipokuwa makosa mazito ya ukatili, ya kingono na ya ugaidi yaliyoorodheshwa, ambayo hayaishi kamwe. Kifungo cha maisha nacho hakiishi.

Lakini mwaka 1975 ilitoka amri ya kuzitoa kazi fulani nje ya kinga hiyo: kazi na watoto, afya, sheria, polisi, magereza na nyinginezo. Kwenye kazi hizo mwajiri anaruhusiwa kuuliza hata hatia iliyoisha muda. Kwa hiyo mtu huyo huyo, na kosa hilo hilo, anaweza kujibu "hapana" kihalali kwa kazi ya ghala, kisha akilijibu vivyo hivyo kwa kazi ya magereza akawa amedanganya. Upekuzi wa usalama wa taifa nao huangalia yote, yaliyoisha muda na yasiyoisha.

karani_mstaafu

Nisisitize: kuisha muda si kufutwa. Karatasi ipo, jalada lipo. Kinachobadilika ni nani anaruhusiwa kuuliza na nani analazimika kujibu.

Jalada_Wazi

Ndiyo hasa. Na ndiyo sababu swali la fomu lisomwe neno kwa neno, ikiwezekana mara tatu. Yanafanana, lakini ni maswali tofauti:

"Je, umewahi kutiwa hatiani?" Kesi iliyoondolewa haihusiki hapa.

"Je, umewahi kushtakiwa?" Kesi iliyoondolewa inahusika, hata uliyoshinda.

"Je, umewahi kukamatwa au kuhojiwa na polisi kama mtuhumiwa?" Hapa hata lile lililoishia kituoni unalitaja.

"Je, una hatia ambayo haijaisha muda?" Hapa unahitaji tarehe na hesabu, usikisie.

"Je, una kesi yoyote inayoendelea?" Hii ni ya leo. Ukikamatwa baada ya kutuma fomu na kabla ya kuajiriwa, fomu nyingi za upekuzi zinakutaka utoe taarifa upya.

Mfano wa swali pana ni fomu SF-86 ya Marekani, inayotumika kwa wanaoomba kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Sehemu ya rekodi ya polisi inauliza ya miaka 7 iliyopita, kisha inauliza ya maisha yote kwa makosa fulani: makosa makubwa, ukatili wa nyumbani, silaha na vilipuzi, pombe na dawa za kulevya, na kifungo kinachozidi mwaka 1. Na inasema waziwazi utaje hata kama rekodi ilifungwa au kufutwa na mahakama, isipokuwa aina chache finyu. Faini za barabarani zilizo chini ya dola 300 zinaachwa, ila si zile zinazohusu pombe au dawa. Uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la shirikisho, kifungo hadi miaka 5. Mtu ana hatia ya zamani ya kosa dogo lenye adhabu ya faini, anaificha, anajitengenezea kosa kubwa jipya.

Fundi wa Vidole

Nizungumzie alama za vidole, maana zinachelewesha maombi kuliko rekodi zenyewe na hakuna anayewaandaa watu.

Upekuzi wa kazi nyeti mara nyingi hautegemei jina peke yake. Huchukuliwa vidole vyote 10, kila kimoja kikiviringishwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, kisha vinne vya kila mkono kwa pamoja bila kuviringisha, halafu gumba. Zile za pamoja zinathibitisha kwamba vidole vimewekwa kwenye visanduku sahihi.

Zinakataliwa kwa nini? Ngozi iliyochakaa: mafundi ujenzi, wafua nguo, wanaoshika saruji na kemikali, pamoja na wazee. Mistari inakuwa hafifu na mashine haipati vituo vya kulinganisha. Sababu nyingine ni wino mwingi unaojaza mifereji mpaka kidole kinaonekana kama doa jeusi. Nyingine ni mwombaji kumsaidia afisa kwa kukaza mkono. Kidole kinateleza, mistari inakuwa ukungu. Legeza mkono kabisa, tazama pembeni, mwache afisa aviringishe.

Kama mikono yako ni ya kazi ngumu, anza kuipaka mafuta mazito usiku kwa wiki moja au mbili kabla, na punguza saruji na sabuni kali. Siku yenyewe USIPAKE mafuta; osha kwa sabuni ya kawaida, kausha vizuri. Ukiwa na jeraha bichi kwenye ncha ya kidole, subiri lipone. Kidole kilichokatika au chenye kovu la kudumu kiandikwe kwenye kadi. Kisanduku kisiachwe kitupu bila maelezo, kadi itarudishwa.

Nuru ya Asubuhi

Na kama majina yanapishana kwenye vyeti?

Fundi wa Vidole

Taja yote. Jina la ukoo kabla ya ndoa, jina la ubatizo au la kusilimu, tahajia zote zilizowahi kutumika kwenye kitambulisho, pasipoti na hati ya mashtaka. Mpekuzi akikuta jina ambalo hukulitaja, swali lake la kwanza ni kwa nini hukulitaja. Na kuna faida kwako pia: mtu mwenye jina la kawaida anaweza kubebeshwa kesi ya mwingine kwa kufanana jina na mwaka wa kuzaliwa. Vidole ndivyo vitakavyokutenganisha naye.

karani_mstaafu

Hapo kwenye kesi ya kubebeshwa, niongeze tatizo kubwa zaidi ambalo haliongelewi: safu ya matokeo iliyo wazi.

Chukua dondoo ya rekodi yako, yaani karatasi ya kumbukumbu za polisi zinazokuhusu, uitazame. Utaona mstari wenye tarehe ya kukamatwa, kosa, kituo, namba ya jalada, halafu mwishoni "matokeo". Mara nyingi hapo pametupu. Polisi waliandika kukamatwa siku ile ile, lakini mahakama ilipomwachia mtu miezi mingi baadaye hakuna aliyerudisha taarifa kwenye kumbukumbu. Mpekuzi anasoma: "wizi", matokeo hakuna. Kwake hiyo ni kesi ambayo bado ipo hai. Hata kumbukumbu za FBI, shirika la upelelezi la Marekani, zinajulikana kwa upungufu huu.

Ndiyo maana nasema dondoo yako uiombe wewe mwenyewe kabla mwajiri hajaiomba. Ukikuta pengo:

Pata hati ya mahakama inayoonyesha mwisho wa kesi, iliyothibitishwa. Andika barua kwa ofisi inayotunza kumbukumbu, ukitaja namba ya jalada ya polisi NA namba ya kesi ya mahakama, kwa sababu ofisi hizo mbili hazitumii namba moja. Ambatisha nakala, baki na halisi. Dai nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo omba dondoo mpya uone kama safu imejazwa. Wengi huishia kwenye barua hawarudi kuhakikisha.

Ikiwa tarehe ya mwisho ya kuomba kazi imefika na safu haijajazwa, peleka maombi pamoja na nakala ya hukumu na ile barua yenye muhuri. Usisubiri.

Bahari_Tulivu

Wakuu, mimi nadhani mnawapa watu moyo kupita kiasi. Kwa idara nyeti, mwenye hatia hata moja atapangwa nyuma ya asiye nayo. Nafasi 50, waombaji maelfu. Kwa nini wamchukue yeye?

Jalada_Wazi

Hoja yako ina uzito, na sitaipinga kwa maneno matamu. Kwenye ushindani mkali, aliye safi ana nafuu, hasa kwa askari wapya ambapo masharti ya tangazo husema wazi asiwe na kumbukumbu ya uhalifu. Hapo tangazo lenyewe limeshajibu.

Lakini kazi nyeti si uaskari pekee. Kuna wahasibu, mafundi mitambo, wauguzi, wataalamu wa kompyuta, walinzi wa nyaraka. Hapo vipimo vinavyotumika vinafahamika. Kule Marekani mahakama ya rufaa katika kesi ya Green dhidi ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific, mwaka 1975, iliweka mambo matatu: uzito na aina ya kosa, muda uliopita tangu kosa au tangu adhabu iishe, na aina ya kazi inayoombwa. Mwongozo wao wa vibali vya usalama una vigezo 13, na mwenendo wa jinai ni kimoja tu kati ya hivyo. Kuna kingine kinachohusu ukweli na ushirikiano wa mwombaji wakati wa upekuzi, na hicho kinaweza kumwangusha mtu ambaye kosa lake la awali lingesameheka.

Aina ya kazi ndiyo inayosahaulika zaidi. Hatia ya kughushi hundi ni nzito kwa mtunza fedha hata baada ya muda mrefu. Hatia ya kuendesha gari umelewa haimgusi sana mtunza fedha, lakini kwa dereva wa gari la wagonjwa ndiyo kitu cha kwanza kuangaliwa. Kwa hiyo mwenye rekodi achague kazi ambayo kosa lake haliligusi jukumu lenyewe.

Mizani2

Na mpangilio wa maswali nao umebadilika. Marekani, sheria ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Desemba 2021 inazuia idara za serikali kuu kuuliza historia ya jinai kabla ya kutoa ofa ya kazi yenye masharti. Imeacha nje kazi za usalama na za kusimamia sheria. Faida yake ni kwamba mwombaji anapimwa kwanza kwa ujuzi, rekodi inakuja baadaye, wakati mwenyewe tayari anafahamika.

Nuru ya Asubuhi

Maelezo yenyewe yaandikweje? Fomu zina nafasi ndogo sana.

karani_mstaafu

Nafasi ndogo ni neema kwako, inakuzuia kujitetea. Tazama haya mawili.

La kwanza: "Zamani nilipata tatizo dogo la kisheria kwa sababu ya marafiki wabaya lakini lilikwisha." Hapa hakuna tarehe, kosa, mahakama wala adhabu. Mpekuzi atalazimika kutafuta vyote, na akiwa anatafuta tayari ana mashaka.

La pili: "Tarehe 14 Machi 2016 mahakama ya wilaya ilinitia hatiani kwa kosa la kupigana hadharani, kesi namba (iandike). Niliamriwa kulipa faini, niliilipa siku hiyo hiyo. Sina kesi nyingine kabla wala baada. Nimeambatisha nakala ya hukumu na stakabadhi."

Maneno machache, hakuna anachobaki kuuliza. Tumia jina la kosa lililo kwenye hukumu. Hukumu ikisema "wizi", usiandike "kutoelewana kuhusu mali". Usimlaumu mlalamikaji, polisi wala hakimu hata kama una haki ya kuwalaumu. Fomu si mahali pake. Kama kuna karatasi ya ziada, ongeza kilichobadilika kwa vitu vinavyothibitishika: cheti cha mafunzo, barua ya mwajiri inayotaja miaka ya kazi, cheti cha kumaliza tiba ya ulevi. Na mdhamini wako awe anaijua hiyo hatia. Mpekuzi akimpigia simu, naye akashtuka kusikia, umepoteza mdhamini na umezua shaka mpya.

Bahari_Tulivu

Hilo la wadhamini sikulifikiria. Nashukuru. Vipi makosa ya utotoni?

Mizani2

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985 juu ya haki kwa watoto, zinazoitwa Kanuni za Beijing, zinataka kumbukumbu za watoto ziwe siri na zisitumike kwenye mashauri yao wakishakuwa watu wazima. Nchi zimelichukua hilo kwa viwango tofauti. Uingereza vipindi vingi vya kuisha muda vinapunguzwa nusu kwa aliyetiwa hatiani akiwa chini ya miaka 18, na tangu Novemba 2020 maonyo rasmi ya polisi aliyopewa mtoto hayaonekani tena kwenye vyeti vyao vya uchunguzi kwa utaratibu wa kawaida. Ila mtoto aliyehukumiwa kwa kosa zito la kingono au la kuua asidhani umri pekee utamlinda. Na fomu za usalama wa taifa zinaweza kuuliza hata hayo.

Wenye rufaa inayoendelea nao wasome sheria inayohusu kazi yao. Kuna sheria zinazohesabu hatia tangu siku ya hukumu, na kuna zinazosubiri rufaa iishe. Katiba ya Kenya, kwa mfano, ibara ya 99 inamzuia kugombea ubunge aliye na adhabu ya kifungo cha angalau miezi 6, lakini inasema hazuiliwi mpaka njia zote za rufaa au mapitio ziwe zimekwisha. Huo ni uchaguzi na si ajira. Usiuchukulie kuwa ndivyo ilivyo kwa kazi yako.

Nuru ya Asubuhi

La mwisho kwangu: aliyeishi nchi nyingine?

Fundi wa Vidole

Apate cheti cha polisi kuhusu rekodi ya jinai kutoka kila nchi aliyoishi kwa muda ambao fomu imetaja. Zipo zinazotaja miezi 6 mfululizo, zipo zinazotaja mwaka. Anza na nchi ya mbali kwanza, kwa sababu vidole husafiri kwa posta na jibu nalo linarudi kwa posta. Uliza mapema kama cheti kinahitaji muhuri wa uthibitisho chini ya Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 au kuthibitishwa na ubalozi, na kama tafsiri lazima ifanywe na mkalimani aliyesajiliwa. Pia vyeti hivi vina umri: waajiri wengi hukataa kilichotolewa zaidi ya miezi 3 au 6 iliyopita. Ukikiharakisha sana kitachakaa kabla jalada lako halijafikiwa.

Jalada_Wazi

Na kwa aliyekwisha kukataliwa: omba sababu kwa maandishi, ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua. Ikiwa sababu ni taarifa isiyo sahihi, rudi kwenye hatua za karani za kusahihisha safu, kisha omba mapitio ukiwa na dondoo mpya mkononi. Ikiwa taarifa ni sahihi na kamati imepima tu, rufaa ijikite kwenye kipimo: muda uliopita, uhusiano wa kosa na jukumu, na kielelezo ambacho hawakukiona mara ya kwanza. Idara za usalama wakati mwingine hazitoi sababu. Hapo uliza angalau kama kukataliwa kunazuia maombi mengine na kwa muda gani, kwa sababu fomu inayofuata inaweza kukuuliza kama uliwahi kunyimwa kibali, na jibu lake lazima lilingane na barua hiyo.